Maji Yachemkayo Bila Moto

Msomaji, ukishika njia itokayo mjini Kisii kuelekea upande wa magharibi, ukavipita vilima vya migomba na majani ya chai, utafika Tabaka katika nchi ya Mugirango Kusini. Hutahitaji kuuliza kama umefika. Masikio yatakuambia kabla ya macho, maana huko panga halikati kuni tu, hukata mawe. Mawe yenyewe ni yale yaitwayo mawe ya sabuni, meupe, ya kijivu, na mengine ya rangi ya waridi, tena ni laini hata kisu huyachonga mfano wa mtu amenyaye muhogo. Mchongaji huketi kivulini, akalipa jiwe umbo la kiboko au la mama na mtoto kwa panga, akalimaliza kwa kisu na patasi. Kisha jiwe hupokewa na wengine, aghalabu wanawake, ambao hulisugua kwa msasa ndani ya maji mpaka likawa nyororo. Vinyago hivyo vimekwenda mbali kuliko wengi wa waliovichonga.

Sasa tuseme kisu kimeteleza. Ni jambo la kila siku mahali penye kazi kama hiyo. Kijana ameshika kidole gumba, damu inatiririka juu ya unga mweupe wa jiwe, naye anapelekwa kwa muuguzi. Muuguzi anachukua chupa ya rangi ya hudhurungi, anamimina kifuniko kimoja cha dawa isiyo na rangi wala harufu kali, mfano wa maji matupu. Mara jeraha linafura povu jeupe. Linachemka, linavuma kidogo ukilitegea sikio, na hapana moto wala sabuni. Mimi nilipokuwa mtoto niliambiwa kwamba povu lile ni vidudu vinavyokufa, nikaamini, na nadhani hata wewe umepata kuambiwa hivyo.

Lakini angalia jambo moja. Dawa ile ile ndani ya chupa imetulia kama maji ya kisimani. Ukitia tone lake juu ya ngozi nzima, iliyo safi na isiyo na jeraha, haichemki. Basi ndani ya jeraha mna kitu gani ambacho hakimo katika chupa wala juu ya ngozi? Swali hili ni dogo, na jibu lake lilichukua zaidi ya miaka 80 kupatikana. Katika kulitafuta, wanadamu walipata mambo mengine ambayo hawakuyatafuta, mengine ya heri na mengine ya msiba, na moja katika hayo lilitendeka katika bahari yetu wenyewe, karibu na Malindi.

Dawa ile huitwa peroksaidi ya hidrojeni. Ni jamaa wa karibu sana wa maji. Maji ni hidrojeni mbili na oksijeni moja. Peroksaidi ni hidrojeni mbili na oksijeni mbili. Hiyo oksijeni ya pili ndiyo yote. Imeungana na mwenzake kwa kifungo dhaifu, nayo haina raha mpaka itoke; na ikiisha kutoka, yanayobaki ni maji safi na joto. Joto hilo si haba, nasi tutalikuta tena mbele.

Mtu wa kwanza kuitambua alikuwa Louis Jacques Thénard, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1777 katika nyumba ya mkulima wa kijijini. Alifika Paris kijana asiye na mali, akapata elimu yake ya kemia katika maabara za wakubwa, mpaka naye akawa mkubwa. Mwaka 1818 alichukua madini ya bariamu ambayo yalikuwa yamechomwa hata yakabeba oksijeni kupita kiasi chake cha kawaida, akayatia katika asidi. Alitazamia kupata asidi ya namna mpya. Alichopata ni maji ya ajabu, ambayo aliyaita maji yenye oksijeni. Kwa subira kubwa aliyaondolea maji ya kawaida kidogo kidogo chini ya pampu ya kutoa hewa, mpaka akabaki na kitu kizito kama asali nyepesi, kilichoifanya ngozi ya vidole vyake kuwa nyeupe na kuuma. Kipimo kimoja cha kitu hicho kilitoa vipimo vipatavyo 475 vya oksijeni.

Hapa nikuombe usome kibandiko cha chupa ya dawa siku utakapoiona. Kwa kawaida chupa ya dukani ina sehemu tatu au sita tu za peroksaidi katika mia, na ile ya sehemu sita huitwa ya vipimo 20, maana yake kikombe kimoja cha dawa kikivunjika chote hutoa vikombe 20 vya oksijeni. Linganisha 20 hizo na 475 za Thénard, utaelewa kwa nini bwana yule alifanya kazi yake kwa matone, tena akaiweka chupa yake katika barafu.

Basi Thénard alianza kukidondoshea kitu chake kipya kila alichokuwa nacho rafuni. Alipokigusanisha na dhahabu, au platini, au fedha (nasema madini ya fedha, si sarafu za mfukoni), peroksaidi ilichemka kwa nguvu na oksijeni ikatoka. Jambo hilo peke yake halikumshangaza. Kilichomshangaza ni kwamba alipoiosha platini na kuitazama, aliikuta vile vile. Haikuliwa wala haikuungua. Aliweza kuitumia tena, na tena, na kila mara ikafanya kazi ile ile. Katika kemia ya siku zile kila kitu kilichotenda kilitendwa. Asidi ikila chuma, chuma nacho huila asidi. Hapa palikuwa na mtenda asiyetendwa. Aliona na jambo la pili, ambalo nataka ulishike kwa mikono miwili: madini yaliyokuwa bonge yalifanya kazi pole pole, lakini madini yale yale yakisagwa kuwa unga yalifanya kazi kwa ukali mkubwa.

Kwa nini unga ushinde bonge? Jibu la swali hili mchongaji wa Tabaka analo miguuni pake, ingawa pengine hajalihesabu. Chukua jiwe lake lililokatwa sawasawa pande zote, kila upande sentimita 10. Lina nyuso sita, kila moja sentimita za mraba 100. Jumla ni 600. Sasa likate vipande vya sentimita moja moja. Utapata vipande 1,000, kila kimoja na nyuso zake sita, na jumla ya nyuso imekuwa sentimita za mraba 6,000. Jiwe halikuongezeka hata punje, lakini uso wake umezidi mara kumi. Vipande hivyo vikatwe tena viwe vya milimita moja moja: sasa uso ni mita 6 za mraba, ukubwa wa mkeka mzuri wa kulalia watu wawili. Saga mpaka kila chembe iwe sehemu ya elfu ya milimita, yaani vumbi lile lielealo katika mwanga wa jua kibandani, na jiwe lile moja litakuwa na uso wa mita 6,000 za mraba, karibu sawa na uwanja wa mpira.

Haya si mafumbo ya darasani. Vumbi lenye uso mkubwa hivyo likivutwa puani siku baada ya siku hushikamana na mapafu, nalo ni adui wa kila mtu achongaye, asagaye au avunjaye mawe, popote duniani. Kusugua ndani ya maji huliua vumbi kabla halijaruka, na hiyo ni busara. Lakini kazi ya panga na ya kisu hufanywa kukavu, na hapo ndipo mchongaji anapohitaji kitambaa cha pua na upepo wa kupita. Jambo lile lile litiaalo nguvu katika unga wa platini ndilo litiaalo hatari katika unga wa jiwe: uso mwingi katika kitu kidogo.

Turudi kwa madini. Kama kazi yote ya platini hufanywa na uso wake, basi platini iliyomo ndani ya bonge inakaa bure. Ni kama mfalme aliyeajiri askari elfu akawapanga katika duara nene, na wa nje peke yao ndio wanaomwona adui. Na platini ni ghali. Mtu wa kwanza kulitafakari jambo hili kwa vitendo, kwa kadiri nijuavyo, ni Johann Wolfgang Döbereiner, mwalimu wa kemia katika mji wa Jena, Ujerumani. Mwaka 1823 aligundua kwamba platini iliyofanywa laini kama sifongo huiwasha hidrojeni ikipulizwa juu yake, akatengeneza kiwashio cha moto cha mezani kabla viberiti havijaenea. Baadaye, ili kuibana gharama, aliichanganya platini na udongo wa mfinyanzi akafanya vijidonge. Udongo haukufanya kazi yoyote ila kubeba. Lakini kubeba si jambo dogo. Chembe za madini zikiachwa peke yake katika joto hukimbiliana, zikaungana na kuwa bonge tena, kama wanafunzi wanavyokusanyika kona moja mwalimu akitoka. Zikipandwa mbali mbali juu ya mwili wa udongo, au wa mkaa, au wa jiwe lenye vitundu vingi, kila chembe hukaa dawatini pake na uso wake ukabaki wazi. Tangu hapo hadi leo, vichocheo vingi vya madini vya viwandani vimejengwa kwa mtindo huo, madini kidogo ya thamani mgongoni mwa kitu cha bei rahisi.

Neno kichocheo nimelitumia kabla ya kulieleza. Mwaka 1835 Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi aliyakusanya mambo haya yote, peroksaidi ya Thénard, kiwashio cha Döbereiner, uchachu wa pombe na mengineyo, akayapa jina moja la Kiyunani lenye maana ya kufungua au kulegeza. Sisi twasema kichocheo kwa kile kinachoharakisha badiliko la kemia bila chenyewe kuishia ndani yake. Berzelius alitoa jina, hakutoa sababu. Sababu ilikuja pole pole. Leo twajua kwamba molekuli ya peroksaidi ikigusa uso wa fedha au platini hushikwa na atomu za uso huo, na kile kifungo dhaifu cha oksijeni na oksijeni hulegea. Vipande hushikana upya kwa njia nyingine, maji huondoka, oksijeni huondoka, na uso hubaki mtupu ukimngoja mgeni mwingine. Bila madini, molekuli ingelazimika kupanda mlima mrefu ndipo ivunjike. Madini huifungulia njia ya bondeni.

Sitakawia juu ya viwanda, ila nitaje kimoja. Alwin Mittasch na wenzake huko Ujerumani, baada ya kujaribu michanganyiko maelfu, walipata yapata mwaka 1910 kwamba chuma kilichochanganywa na oksidi ya alumini na vitu vingine vichache huunganisha naitrojeni ya hewa na hidrojeni. Oksidi ile kazi yake kubwa ni kuzizuia chembe za chuma zisiungane. Mfuko wa mbolea ya chumvichumvi uuonao ukibebwa kwenda shamba la mahindi Kisii umetokana na chuma cha namna hiyo.

Nasi bado hatujajibu swali la kidole gumba. Thénard mwenyewe alikuwa ameona kwamba si madini tu yanayochemsha peroksaidi. Nyuzinyuzi za damu iliyoganda zilifanya hivyo pia, na vipande vya viungo vya mnyama, wala nazo hazikuonekana kuharibika. Aliandika alichokiona, akakiacha. Mwaka 1899 Georg Bredig aliirudia njia hiyo kwa werevu wa pekee. Alipitisha cheche za umeme kati ya nyaya mbili za platini zilizozamishwa majini, zikamenyeka chembe ndogo mno zikaelea ndani ya maji. Maji yale yenye platini kidogo kabisa yaliivunja peroksaidi kwa nguvu. Kisha akayatia sumu ya sianidi, ile inayoua watu. Platini ikazimika! Ilikuwa imejulikana kwamba sumu hiyo huizima nguvu ya damu kuchemsha peroksaidi. Sasa ikaonekana kwamba madini nayo yaweza kulishwa sumu yakashindwa kazi. Sumu huja ikakaa juu ya uso ule ule ambao peroksaidi ilitaka kukaa, na haiondoki.

Muda mfupi baadaye, mwaka 1901, Oscar Loew alikitenga kile kitu cha ndani ya viumbe na kukipa jina la katalasi. Kimo katika damu yako, katika maini, katika kiazi, karibu katika kila kiumbe kinachovuta oksijeni. Na ndani yake, tulipokuja kukifungua, tulikuta nini? Tulikuta madini. Atomu nne za chuma, zimeketi mbali mbali ndani ya mwili mkubwa wa protini, na protini hiyo huzibeba, huzilinda na kuzionyesha njia moja tu ya kufikiwa. Molekuli moja ya katalasi huweza kuvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi katika sekunde moja. Döbereiner na vijidonge vyake vya udongo alikuwa amelikaribia, bila kujua, jambo ambalo mwili wa kiumbe ulikuwa umekwisha kulifanya kabla Ulaya haijawa na shule moja.

Kwa hiyo povu la jeraha si vidudu vinavyokufa. Ni oksijeni. Kisu kimepasua ngozi na chembe za damu, katalasi imemwagika nje, na peroksaidi iliyomiminwa imevunjika kwa mkono wa chuma cha mwenye jeraha mwenyewe. Mwili huiweka katalasi humo kwa sababu peroksaidi kidogo huzaliwa ndani yetu kila wakati tunapotumia chakula, nayo ikiachwa huchoma. Peroksaidi huua vidudu, hilo ni kweli. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, ilitiwa kidogo katika dawa ya kusugulia mikono iliyotengenezwa kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, ili kuua mbegu za viini zilizoweza kuwamo ndani ya chupa. Lakini haichagui. Huchoma na nyama mpya inayojaribu kuota. Kwa sababu hiyo waganga wa leo hawapendi kuimimina katika jeraha siku baada ya siku, wala hawaisukumi katika jeraha lenye shimo lililofungika, maana gesi ikikosa pa kutokea yaweza kuingia mishipani. Maji safi na sabuni hufanya kazi nzuri kuliko wengi wanavyodhani, ingawa hayatoi povu la kumfurahisha mgonjwa.

Sasa nataka tuondoke vilimani twende baharini, lakini kwa njia ya vita, maana historia ndiyo iliyopita huko. Nilisema kwamba peroksaidi ikivunjika hutoa joto. Ile ya dukani ina maji mengi, na joto lote hupotea ndani yake. Lakini ikiwa na sehemu 90 katika mia, ikavunjwa ghafula juu ya kichocheo, hugeuka papo hapo kuwa mvuke na oksijeni zenye joto la yapata digrii 740. Hapana moto ulioingizwa, hapana cheche. Hellmuth Walter wa mji wa Kiel aliona kwamba hiyo ni injini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, makombora ya V-2 yaliyoanza kuiangukia London mwezi wa Septemba 1944 yaliendesha pampu zao kwa mvuke wa peroksaidi iliyokutanishwa na maji ya pamanganeti. Baada ya vita Waingereza waliboresha njia hiyo, wakayaacha maji ya pamanganeti na kupanga nyavu za nikeli zilizopakwa fedha, wavu juu ya wavu kama chekecheke, peroksaidi ikapita katikati yake. Nikeli ilibeba, fedha ilitenda. Kwa mtambo wa namna hiyo walirusha setilaiti yao Prospero tarehe 28 Oktoba 1971.

Kabla ya hapo walikuwa wamelipa. Tarehe 16 Juni 1955 nyambizi yao Sidon ilikuwa imetia nanga katika bandari ya Portland, ikiwa na topido mpya iliyotumia peroksaidi kali. Topido ililipuka ndani yake, na watu 13 wakafa, mmoja wao daktari aliyekuwa ameingia kuwaokoa wenzake. Waingereza wakaiacha peroksaidi katika topido. Warusi hawakuiacha. Tarehe 12 Agosti 2000, katika Bahari ya Barents, peroksaidi ilivuja katika topido ya nyambizi Kursk, ikagusa kisichopaswa kuguswa, na watu wote 118 waliokuwamo wakapotea. Msomaji, tafakari kwamba badiliko la kemia lililowaua ni lile lile lililo katika kidole cha kijana wa Tabaka, na lile lile la nyavu za fedha. Tofauti ni kwamba mahali pengine uso uliandaliwa na peroksaidi ikapelekwa kwake kwa kipimo, na mahali pengine peroksaidi ilijitafutia uso yenyewe.

Ni kwa sababu hiyo hiyo watengenezaji wa peroksaidi huishi kwa hofu ya vumbi na kutu. Sehemu kubwa ya peroksaidi ya dunia leo hutengenezwa kwa msaada wa paladi, jamaa wa platini, iliyotandazwa juu ya chembe za kibebeo. Paladi husaidia hatua ya kwanza, kisha huchujwa yote kabla ya hatua ya pili, maana ikisalia hata kidogo huivunja peroksaidi ile ile ambayo kazi yote ilifanywa ili ipatikane. Sijui chombo kingine kinachohitaji kutolewa nje ya nyumba mara tu nyumba inapokamilika.

Na sasa Malindi. Kaskazini ya mji huo, karibu na Ngomeni, Waitaliani chini ya uongozi wa Luigi Broglio, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Roma, waliweka majukwaa ya chuma yenye miguu baharini, moja wakaliita San Marco na jingine Santa Rita. Walipachagua kwa sababu ni karibu na ikweta, ambapo dunia yenyewe huisukuma roketi kwa mzunguko wake, na upande wa mashariki hapana ila maji. Tangu tarehe 26 Aprili 1967 hadi tarehe 25 Machi 1988 setilaiti tisa zilipanda kutoka hapo hata zikaizunguka dunia, zote kwa roketi za Kimarekani za aina ya Scout.

Roketi ya Scout ilikuwa na sehemu nne, moja juu ya nyingine, na kila moja iliungua baruti ngumu. Baruti ngumu ina nguvu lakini haina adabu. Ikiwashwa haizimiki, wala haijui kupinda. Sehemu ya kwanza iliongozwa kwa mapezi. Ya pili na ya tatu zilipaa mahali ambapo hewa ni chache mno kwa mapezi, na hapo ndipo peroksaidi ilipopewa usukani. Ubavuni mwa roketi palikuwa na vibomba vidogo, na ndani yake nyavu za fedha. Roketi ikiinama kidogo kushoto, vali ilifunguka, peroksaidi ikapita katika fedha, mvuke ukaruka nje kwa nguvu upande mmoja, na roketi ikarudi katika mstari wake. Kisha vali ikafunga. Ilifanywa hivyo mara nyingi katika dakika chache, na kila mara fedha ilibaki kama ilivyokuwa.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikisherehekea miaka saba ya uhuru, roketi moja ya namna hiyo iliondoka katika jukwaa la San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kutazama nyota zitoazo eksirei. Marjorie Townsend, mwanamke aliyesimamia kazi hiyo kwa upande wa Wamarekani, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji. Kwa zaidi ya miaka miwili Uhuru iliichunguza mbingu yote. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na habari zake juu ya kile kiitwacho Cygnus X-1 ziliwasaidia wataalamu kuamini kwamba mashimo meusi yako kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Katika vitabu vya elimu ya nyota neno hilo la Kiswahili limebaki, na wanafunzi wa nchi za mbali hulisoma bila kujua maana yake.

Katika historia za Uhuru fedha ya nyavu haitajwi, na si ajabu. Mtu akisimulia safari husimulia alikofika, hasimulii usukani. Sehemu ya pili ya roketi ilipomaliza kazi ilitengana na wenzake ikaanguka upande wa mashariki, katika Bahari ya Hindi, pamoja na vibomba vyake. Kama nyavu zilisalimika katika kuanguka, bado ziko chini huko, na chumvi imekwisha kuzipaka weusi. Klorini iliyomo katika chumvi ni moja ya sumu za fedha, kama sianidi ilivyo sumu ya platini ya Bredig.

Wewe unayetaka kuliona jambo hili kwa macho, huhitaji roketi. Mwombe mwalimu wako peroksaidi ya sehemu tatu katika mia, na vikombe vinne. Katika cha kwanza usitie kitu. Katika cha pili tia kipande cha kiazi kibichi, na katika cha tatu kipande cha ukubwa ule ule ulichokisaga. Katika cha nne tia kiazi kilichochemshwa, maana moto huivunja ile nyumba ya protini inayokibeba chuma. Na kama una ndugu au rafiki Tabaka, mwombe kijiko cha unga wa jiwe, mmoja mweupe na mmoja wa waridi, utie katika vikombe viwili zaidi. Andika utakachokiona, na saa uliyokiona.